Mwanangu njiti hajakaza shingo, mama mkwe anataka akanyooshwe

Shikamoo Mama,

Mimi ni mzazi wa mtoto mmoja, nina miaka 24, naishi Morogoro na mume wangu pamoja na mama mkwe. Nakuandikia kwa sababu nyumbani hakukaliki, na usingizi umenipaa.

Mwanangu wa kiume alizaliwa njiti, mimba ikiwa na wiki 34, akiwa na kilo 1.9. Tulikaa wodini, nikafundishwa kumbeba kifuani kwa mtindo wa kangaroo, naye akawekwa kwenye taa kwa ajili ya manjano mpaka yakaisha. Tangu turuhusiwe hajaumwa. Ananyonya vizuri, kliniki ya mwisho alikuwa na kilo 4.8, anatabasamu ukimsemesha na anakufuata kwa macho ukipita. Sasa ana miezi mitatu na nusu.

Shida ni shingo. Ukimshika mikono ukamvuta akae, kichwa kinabaki nyuma. Ukimbeba wima kinatulia kidogo, halafu kinaangukia mbele au pembeni. Mtoto wa wifi yangu wamepishana wiki moja tu kuzaliwa, huyo ameshakaza shingo, na kila wakija watoto wanalazwa pamoja kitandani watu wanaanza kuwalinganisha. Wifi ndiye anayependa kumvuta wangu mikono, eti tuone leo kama amekaza. Roho inaniuma.

Mama mkwe anasema mtoto ana shingo legelege na nimemlegeza mimi kwa kumlaza mno. Amempata mama mmoja wa mtaa wa pili anayekanda watoto. Nilimwona akimkanda mtoto wa jirani: baada ya kumpaka mafuta alimshika kichwa kwa viganja viwili, kimoja kidevuni na kimoja kisogoni, akamnyanyua mwili mzima ukaning'inia. Mtoto alilia mpaka sauti ikakata. Anasema hivyo ndivyo shingo inavyonyooka. Mume wangu yuko katikati, anasema hata yeye alinyooshwa na hakufa.

Ni kweli mtoto analala chali muda mwingi. Nina cherehani barazani, nikishona yeye yuko kitandani au namwegesha kwenye beseni lenye mito. Nesi aliniambia nisimlaze kifudifudi kwa sababu watoto hufa usingizini, kwa hiyo sijawahi kumgeuza. Sasa wengine wananiambia bila kifudifudi shingo haikazi. Nimsikilize nani? Tena kisogo kimeanza kuwa bapa upande wa kulia, na yeye anapenda kutazama huko huko kulia.

Nijibu waziwazi. Kama mwanangu ana mtindio wa ubongo, nijue.

Mama Njiti, Morogoro

*

Marahaba mwanangu,

Kabla ya mengine yote: huyo mama wa mtaa wa pili asimguse mwanao shingo. Kumpaka mafuta na kumpapasa miguu, mikono na mgongo kwa mkono laini hakuna ubaya, watoto wanakupenda huko na njiti wananufaika nako. Kumnyanyua kwa kichwa ni jambo jingine. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote. Pingili za shingo yake bado sehemu kubwa ni gegedu, kano zinazozishika ni nyororo, na katikati ya pingili hizo unapita uti wa mgongo unaopeleka amri kwenye mikono, miguu na kifua kinachovuta pumzi. Ukimning'iniza, uzito wa mwili wote unavuta hapo. Waliofanyiwa wakapona ndio tunaowaona wakitembea mitaani. Walioumia hatuwasikii, maana majirani husema tu kwamba mtoto alizaliwa hivyo. Mwambie mume wako maneno haya, na hili asikae nalo katikati. Ni mtoto wake, na yeye ndiye wa kumwambia mama yake hapana, kwa heshima lakini bila kurudi nyuma.

Sasa tuje kwenye umri, kwa sababu hapa ndipo familia nzima inapopiga hesabu vibaya. Mimba hutimia wiki 40. Wako alitoka wiki ya 34, yaani wiki sita kabla ya siku yake. Ubongo na misuli havijui sherehe ya kuzaliwa, vinaendelea kukomaa kwa ratiba ileile ya tumboni. Kwa hiyo katika mambo ya kukaza shingo, kukaa na kutambaa, njiti tunamhesabia tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa, na tunaendelea hivyo mpaka anapofika kama miaka miwili. Chanjo peke yake ndizo zinazofuata siku halisi aliyozaliwa. Toa wiki sita kwenye miezi mitatu na nusu, unabaki na mtoto wa miezi miwili. Na mtoto wa miezi miwili hufanya nini? Akilazwa kifudifudi akiwa macho huinua kichwa kidogo, kikayumba, akakirudisha chini. Akibebwa wima kinatulia kidogo kisha kinaanguka. Kukishika imara bila kusaidiwa ni jambo la mwezi wa nne, na kwa mwanao mwezi wa nne utafika atakapokuwa na miezi mitano na nusu kwa kalenda ya ukutani. Mtoto wa wifi yako, kama alitimiza miezi tisa, amemtangulia wako kwa mwezi mmoja na nusu. Kuwalaza pamoja kitandani na kuwashindanisha ni kumwonea mjukuu wangu.

Wifi naye aache kumvuta mikono. Kitendo hicho hutumiwa na wataalamu, mara moja, kwa taratibu, kupima shingo imefikia wapi. Kila mgeni anayeingia akikifanya, kichwa kinatupwa nyuma bila faida yoyote, maana misuli iliyovutwa ghafla hivyo haijifunzi kitu.

Umeuliza kuhusu mtindio wa ubongo. Kwa barua siwezi kumpima mtu, lakini uliyoyaandika ni mazuri: ananyonya vizuri, anaongezeka uzito, anatabasamu, anafuata kwa macho. Mtoto ambaye ubongo wake umeumia sana mara nyingi huonyesha shida kwenye mambo hayo hayo, hasa kunyonya. Hata hivyo kuzaliwa kabla ya wakati na manjano makali ni sababu tosha ya mtoto kufuatiliwa kwa karibu, kwa hiyo nitakwambia hapo chini cha kuangalia na mahali pa kwenda.

Nesi wako alikuwa sahihi, na hao wengine nao wana jambo. Nesi alisema usingizi. Wengine wanasema mchana wa kucheza, yaani saa ambazo mtoto yuko macho na wewe unamtazama. Kule Marekani, mwaka 1992 madaktari wa watoto walianza kuwashauri wazazi wawalaze watoto chali, na 1994 ikaanzishwa kampeni ya nchi nzima. Katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua kwa karibu nusu. Hilo si jambo la kuchezea, na njiti wako kwenye hatari zaidi kuliko wengine. Lakini baadhi ya wazazi walielewa kwamba kifudifudi ni marufuku saa zote, kama ulivyoelewa wewe, na watoto wakawa wanashinda chali usiku na mchana. Visogo bapa vikaongezeka. Ndipo ushauri ukakamilishwa: kulala chali, kucheza kifudifudi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto ambaye hajaanza kujisogeza mwenyewe apate angalau dakika 30 za kifudifudi kwa siku, zikigawanywa gawanywa, akiwa macho. Linasema pia mtoto asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo.

Sababu ya kifudifudi kusaidia ni rahisi. Akilala chali, godoro ndilo linalobeba kichwa na shingo haina kazi. Akigeuzwa, kitu chochote anachotaka kukiona kinamdai ainue kichwa mwenyewe, na huko kuinua ndiko kunakojenga misuli. Ukuaji wa mwili huanzia juu kushuka: shingo, kisha mabega, kisha mgongo, kisha kiuno. Shingo haikazwi na mtu. Inakazwa na mtoto mwenyewe, na kazi yako ni kumpa nafasi na sababu ya kufanya hivyo.

Anzia kifuani kwako. Tayari mnajuana hapo, ulimbeba kangaroo. Keti kitandani, egemea ukuta na mto mgongoni, mlaze kifuani uso wake ukielekea wako, kisha mwite. Ukiegemea kwa kukaa wima zaidi kazi inakuwa nyepesi kwake, ukishuka kuelekea kulala inakuwa nzito, kwa hiyo anza ukiwa juu kisha ushuke kadiri siku zinavyokwenda. Mikono yako iwe mabegani na mgongoni, kichwa kiache huru. Utaona anakunja paji la uso, anasukuma, kichwa kinapanda kidogo, macho yanakutana na yako, kinarudi chini. Hiyo ndiyo mazoezi. Dakika moja au mbili mwanzoni inatosha, kila baada ya kumbadilisha nepi, lakini si mara tu baada ya kunyonya, atacheua. Ukisikia usingizi unakuja, wako au wake, mtoe umlaze chali mahali pake.

Baada ya siku kadhaa shuka kwenye mkeka. Si godoro, maana godoro linadidimia na pua inazama. Kunja kanga iwe kama bomba nene kama mkono wako, iweke chini ya kifua chake karibu na makwapa, mikono yake ipite mbele, viwiko viwe chini ya mabega. Weka kiganja chako juu ya makalio yake, kizito kidogo, bila kukandamiza. Watu wengi hawajui hili, na ndilo linalobadilisha kila kitu: makalio yakitulia chini, mtoto anapata pa kuegemea na kichwa kinapanda. Halafu wewe mwenyewe lala chini, uso wako uwe mbele ya wake, umbali wa shubiri moja na kidogo. Usihangaike na midoli, kwa umri huu hakuna kitu anachokitaka kukiona kuliko uso wa mama yake.

Atanung'unika. Kunung'unika ni kazi, kulia ni kuchoka, na wewe kama mama utavitofautisha ndani ya siku chache. Mgeuze kabla kilio hakijakolea. Akilaza uso chini na kunyamaza, mgeuze hapo hapo, na usiondoke kwenda kushona hata kidogo akiwa kifudifudi.

Kuna zoezi la tatu ninalolipenda sana. Mkalishe pajani uso ukikutazama, mshike kifuani chini ya makwapa, vidole vyako virefu vikifika nyuma ya mabega ili uweze kukidaka kichwa. Mwinamishe pole pole kulia, kidogo tu, usubiri. Kichwa kitachelewa, kisha kitajaribu kurudi katikati. Mrudishe, uende kushoto, kisha mbele, kisha nyuma kwa uangalifu zaidi. Kisipojaribu kurudi, umemwinamisha mno. Katika Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, watafiti walichukua watoto 22 wenye afya, wenye umri wa kama mwezi mmoja. Nusu yao wazazi waliwafanyisha mazoezi ya mkao na mjongeo nyumbani, dakika 20 kwa siku kwa wiki nne, na wengine wazazi walikaa nao wakizungumza nao tu. Matokeo yalichapishwa 2012: waliofanya mazoezi walimudu vichwa vyao mapema zaidi. Hao walikuwa watoto waliotimiza miezi tisa, kwa hiyo wako usimkimbize, lakini inaonyesha kwamba mikono ya mzazi inatosha.

Beseni na mito liondoe. Mtoto ambaye hajakaza shingo akiegeshwa, anateleza, kidevu kinagusa kifua na njia ya hewa inabanwa, na wewe uko kwenye cherehani huoni. Ukishona mlaze chali kwenye mkeka pembeni yako. Mgongoni kwa kanga usimbebe bado, subiri kichwa kitulie. Kwa sasa mbebe mbele, wima, uso ukionekana, kidevu kisiguse kifua.

Kisogo. Tazama mnavyolala. Nina hakika mtoto amelala upande mmoja wa kitanda, ukuta uko kushoto kwake na wewe au mwanga wa mlango uko kulia. Anatazama kwenye kitu cha kutazama. Usiku huu badilisha, kichwa kiwe miguu ilipokuwa, ili akitaka kukuona ageuke kushoto. Mchana msemeshe kutokea kushoto na umbebe bega tofauti na ulilozoea. Kisha jaribu, akiwa ametulia, kukiongoza kichwa kigeuke kushoto kwa uso wako tu, sio kwa kukisukuma. Kama hawezi kufika, au ukipapasa pembeni ya shingo unakuta uvimbe mgumu mdogo, huo ni msuli uliokaza, na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, anautibu vizuri ukiwahishwa.

Mama mkwe usigombane naye. Yuko sahihi kwenye jambo moja kubwa: mtoto hufundishwa. Katika miaka ya 1970 mtafiti Charles Super aliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis magharibi mwa Kenya. Aliwakuta akina mama wakiwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi, hata kuwakalisha kwenye vishimo vidogo ardhini huku wakizungushiwa blanketi wasianguke. Watoto wao walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani. Ila yale ambayo hawakufundishwa, kama kutambaa, hawakuyafanya mapema kuliko wenzao. Kinachofanyiwa mazoezi ndicho kinachokuja. Mweleze hivyo, halafu mpe kazi: ile saa unayoshona, yeye akae na mjukuu kifuani, wazungumze. Bibi ana hadithi nyingi na uso ambao mtoto atataka kuuinulia kichwa.

Sasa ya hospitali. Nenda kliniki ijayo ukaombe mambo matatu kwa mdomo wako, usisubiri wakuulize: wampime mzunguko wa kichwa na kuuandika kwenye kadi, wamwangalie ulegevu au ukakamavu wa viungo, na wakuandikie rufaa ya fiziotherapia kwa kuwa alizaliwa njiti na akapata manjano. Hospitali nyingi za mikoa zina kitengo hicho, na Dar es Salaam hospitali ya CCBRT imefanya kazi na watoto wenye mtindio wa ubongo kwa miaka mingi. Rufaa si hukumu. Hata kama kuna tatizo, mtoto anayeanza mazoezi akiwa mdogo anapata zaidi kuliko anayeletwa na miaka mitatu.

Usisubiri kliniki ukiona miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi, au mgongo unapinda nyuma kila unapombeba, au anatumia mkono mmoja tu, au ngumi hazifunguki kabisa hata akitulia, au kunyonya kumekuwa kwa shida, au ameacha kutabasamu na kufuata kwa macho. Na akipata degedege, homa, utosi ukivimba, akitapika mfululizo, au akiwa mlegevu ghafla wakati jana alikuwa mchangamfu, hiyo ni ya kwenda usiku huo huo.

Akifikisha miezi mitano na nusu ya kalenda na kichwa bado hakitulii ukimbeba wima, mpeleke hata kama kliniki ilikwambia yuko sawa, na uwaambie alizaliwa na wiki 34 ili nao wapige hesabu ileile.